Ngozi Iliyozidi na Ulimi Uliozidi

Katika darasa yetu ya baada ya Magharibi mwandishi wa maneno haya aliulizwa suali, naye akalijibu kwa haraka. Suali lilikuwa hili: Jee, mtu aliyekuwa mnene mno, kisha akapungua, akabaki na ngozi inayoning'inia, yafaa aende kwa daktari akakatwe ngozi hiyo? Nikajibu kwamba mwili ni wa Mwenyezi Mungu, na mwenye kuukata ili apendeze huwa amemkosoa Muumba wake. Watu wakacheka, kwani wote walijua ni nani aliyekusudiwa, ijapokuwa jina lake halikutajwa. Leo nataka kulirejea jibu lile. Nimekwisha ona kwamba lilikuwa na makosa mawili, kosa la ilmu na kosa la adabu, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Huyo aliyekusudiwa ni ndugu yetu mmoja wa hapa Mombasa, mwenye duka. Uzito wake ulifika kilo 151. Alipoambiwa kuwa ana ugonjwa wa sukari na kwamba magoti yake hayatamchukua miaka mingi, aliviacha vyakula alivyovizoea, akawa atembea kila siku baada ya sala ya Alfajiri, na katika muda wa miaka miwili na nusu akafika kilo 86. Jee, tulimpa hongera? Hatukumpa. Katika miji yetu ya pwani mtu akinenepa husifiwa kuwa ameneemeka, na akipungua huulizwa kwa kunong'ona ana maradhi gani. Wako waliosema amerogwa, na wako waliomtajia ugonjwa mbaya zaidi. Kisha ikasikilikana kwamba amekwenda Nairobi kukatwa ngozi, na wale waliokuwa wakimsikitikia wakageuka kumcheka.

Mwezi wa Julai nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikaona haya kurejea bila ya kumzuru mgonjwa. Alikuwa nyumbani kwa nduguye wa kike anayekaa Waithaka, upande wa magharibi wa mji, jirani na Kawangware na Mutuini. Baridi ya huko mwezi huo si ya kusimuliwa kwa mtu wa pwani. Nilimkuta kitini, amejifunika blanketi, amejikunja mbele kama mzee wa miaka 90. Ilikuwa siku ya tisa tangu kupasuliwa. Ubavuni mwake ilitoka mirija miwili iliyoteremsha maji mekundu katika vichupa viwili vya kupimia, na nduguye alikuwa akiandika kila asubuhi na jioni kiasi kilichotoka. Nilipoketi hakunilaumu kwa neno lolote. Alisema tu, "Maalim, miaka miwili nzima nimesali safu ya mwisho. Wajua sababu yake?"

Sikujua. Akanieleza kwamba chini ya ile ngozi iliyoning'inia mpaka mapajani, ngozi ililaliana na ngozi, na kwa joto la Mombasa jasho halikukauka. Pakaota vidonda, vikipona hapa vyafunguka pale, na vikatoa harufu ambayo hakuna poda wala sabuni iliyoiondoa. Alikuwa akioga mara nne kwa siku na kutia vitambaa vikavu baina ya mikunjo. Akisujudu ngozi ilimvuta na kidonda kikatoa damu, na akiinuka aliitazama nguo yake kabla ya kumtazama mtu. Alisimama nyuma ili asimuudhi aliye karibu yake. Akamaliza kwa kusema: "Nilipokuwa mnene niliona haya. Nilipokwisha kupungua, mkaniona nimepona, ndipo haya iliponizidi." Hapo nikakumbuka msemo wa wazee wetu, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mimi niliyekuwa nje ya kaburi ndiye niliyetoa hukumu.

Sasa na tulitazame suali lenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, ngozi hii ni nini? Matabibu wanatueleza kwamba ngozi ina nyuzinyuzi zinazoiwezesha kutanuka na kurudi. Ikitanuliwa sana kwa miaka mingi nyuzinyuzi hizo hukatika, na nyama ya ndani ikiondoka, ngozi hubaki kama gunia lililotolewa mchele. Mazoezi hukaza misuli, lakini hayaikazi ngozi iliyokwisha kuharibika, wala hakuna mafuta ya kupaka yatakayoirudisha. Basi yule tuliyedhani ni mvivu anayetafuta njia ya mkato alikuwa amekwisha fanya jitihada yote iliyo mikononi mwa binadamu. Kilichobaki hakikuwa katika uwezo wa jitihada.

Pili, jee, kuiondoa ni kuibadilisha khalka ya Mwenyezi Mungu? Mimi nilijitegemeza kwenye aya ya 119 ya Sura ya An-Nisaa, panapotajwa ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu waibadilishe khalka hiyo. Lakini nilisahau kujiuliza: ni khalka gani iliyobadilishwa hapa? Ndugu yetu hakuzaliwa na mkunjo ule. Maradhi ya unene ndiyo yaliyoibadilisha sura yake, na kisu cha tabibu kimeirudisha karibu na ilivyokuwa. Katika Hadithi tunasoma habari za Arfaja bin As'ad, aliyekatika pua katika vita vya Kulab, akajitia pua ya fedha. Ile fedha ikaoza na kunuka, naye Mtume (S.A.W.) akamuamrisha ajitie pua ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Na tazameni sababu yenyewe: ilikuwa ni harufu. Haikusemwa kuwa huku ni kujipamba.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Abul-Qasim Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu chenye sehemu 30, na katika sehemu ya mwisho, iliyo ya upasuaji, akaeleza namna ya kuyakata matiti ya mwanamume yaliyokua mpaka yakafanana na ya mwanamke. Na katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, nchi ya Malaysia, mwezi wa Julai 2007, likalitazama suali la upasuaji wa kurekebisha maumbile. Likakubali ule unaokirudisha kiungo katika hali yake au kuondoa kasoro inayomdhuru mtu mwilini au nafsini, na likakataa ule wa kufuata matamanio na kuigiza sura za wengine. Ilmu hii ilikuwako. Ni mimi niliyejibu kabla ya kuitafuta.

Tatu, hapa pana jambo gumu zaidi, nami sitalificha. Tulipokuwa tukinywa chai, ndugu yetu aliniambia: "Maalim, nisikudanganye. Vidonda vilikuwa sababu, lakini havikuwa sababu pekee. Nilitaka pia nivae kanzu ikae sawa kama za watu wengine. Jee, hapo nimeharibu?" Hili ni suali la kweli, kwani amali huhesabiwa kwa nia, na nia ya binadamu ni nadra kuwa moja. Nilifikiri kitambo, kisha nikamwambia kwamba mwenye njaa hula ili aishi, naye huona utamu wa chakula; utamu huo hauifanyi njaa yake kuwa uwongo. Haja ya mwili ikiwa ni ya kweli, furaha inayoifuata haiigeuzi kuwa dhambi. Litakalomtia makosani ni mambo mengine: kuiacha familia bila ya masurufu, kuacha deni la watu ili alipe daktari, au kuitia nafsi katika hatari isiyo na lazima. Yeye aliuza kiwanja chake mwenyewe, hana deni la mtu, na watoto wake hawakupungukiwa na karo. Basi mwenye kutaka kumhukumu zaidi ya hapo, aingie moyoni mwake kwanza.

Lakini asije mtu akayachukua maneno haya kuwa ni ruhusa ya kila kisu. Hatari ipo, nayo ni kubwa. Jeraha hili huzunguka tumbo kutoka nyonga mpaka nyonga. Damu yaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni na kuua, na ndiyo sababu wagonjwa huamrishwa kuinuka na kutembea mapema, hata kwa kujikunja. Maji huweza kujaa chini ya ngozi, kidonda huweza kufunguka au kuingia vijidudu, na mvuta sigara hatari yake huzidi, kwa hivyo hutakiwa aache wiki kadhaa kabla. Daktari muaminifu humtaka mtu angoje mpaka uzito wake utulie kwa miezi 6 au zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta hapo Nairobi, na Baraza linalosimamia madaktari wa Kenya likaifunga kliniki iliyohusika. Basi mwenye haja na amuulizie daktari wake kwenye daftari la Baraza hilo kabla ya kumuulizia bei.

Na kupona nako kuna muda wake. Mkanda wa kubana huvaliwa wiki 4 mpaka 6, mzigo mzito hauinuliwi kwa muda kama huo, uvimbe hukaa miezi, na kovu hukawia mwaka na zaidi kabla ya kufifia. Ndugu yetu aliniuliza kwa wasiwasi juu ya sala zake, hali damu yatoka na bendeji haifunguliwi. Nikamkumbusha kwamba fiqhi ina mlango mzima wa majeraha na bendeji, na wa mwenye hadathi isiyokatika, na kwamba hakalifishwi mtu lisilo uwezoni mwake. Akasali kwa kukaa, nami nikasali ubavuni mwake. Nilitanabahi baadaye kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka miwili kuwa na mtu wa karibu katika safu.

Limebaki kosa la adabu. Nilipokuwa pale aliingia jirani, mama wa Kikuyu, Mkristo, amechukua uji katika chupa ya chai. Alimuamkia mgonjwa, akamtazama usoni, akamuuliza kama amelala vizuri, akatua uji na kwenda zake. Hakuuliza amekatwa nini wala kwa nini. Nduguye akaniambia kwamba mama huyo huja kila siku namna hiyo. Niliona haya, kwani katika watu wa mji wetu waliompigia simu, wengi walitaka kujua bei, na mmoja alitaka apelekewe picha.

Yuko daktari mmoja, Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyewatibu marubani walioungua nyuso katika Vita vya Pili vya Dunia, katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Huyu ndiye aliyeungana na Michael Wood na Thomas Rees mwaka 1957 kuanzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, inayoitwa leo Amref, yenye makao yake Nairobi. McIndoe alifahamu kwamba ngozi mpya haitoshi ikiwa mtu atakapotoka nje atakodolewa macho. Akawaomba watu wa mji ule wawakaribishe wagonjwa wake majumbani na katika mabaraza yao bila ya kuwashangaa, nao wakafanya, mpaka mji wao ukajulikana kuwa ni mji usiokodoa macho. Jee, sisi wenye Uislamu, tulioamrishwa kumzuru mgonjwa na kusitiri aibu ya ndugu, mji wetu utajulikana kwa lipi?

Na tukumbuke pia nani aliyemnenepesha. Sisi tulimlazimisha sahani ya pili ya biriani katika kila arusi, tukahesabu kukataa kwake kuwa ni kiburi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu wanawake 45 katika kila 100 wana uzito uliozidi kiasi, na wanaume karibu mmoja katika kila watano. Basi jambo hili halikumhusu mtu mmoja. Leo ni yeye, kesho ni mtoto wako au wewe mwenyewe, kwani wazee walisema, kabla hujafa hujaumbika.

Nilimuomba radhi pale Waithaka, akanisamehe. Lakini kosa lililotendwa mbele ya watu haliishi kwa toba ya chumbani. Kwa hivyo nimelisema katika darasa ile ile, mbele ya wale wale waliocheka, na sasa nimeliandika hapa. Yeye amekwisha rejea. Ijumaa iliyopita nilimuona anaingia msikitini polepole, mkono tumboni, na kwa mazoea ya miaka miwili akaelekea nyuma. Mtu mmoja katika safu ya pili akasogea, akamfungulia nafasi, wala hakumtazama tumbo.

Mwenyezi Mungu amtimizie afya yake, na atuponye ndimi zetu. Amin.