Ladha ya Kuazima

Mashariki ya Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, liko jimbo liitwalo Alsace, na humo hulimwa zabibu iitwayo Gewurztraminer. Jina hilo ni la Kijerumani. Sehemu yake ya kwanza maana yake ni kiungo cha chakula; ya pili yatokana na Tramin, kijiji cha kaskazini ya Italia ambako watu wasema Kijerumani hadi leo. Ganda la zabibu hii lina wekundu hafifu, lakini divai yake ni nyeupe, au tuseme ya rangi ya dhahabu. Waijuao wasema kwamba yanukia waridi, tangawizi na tunda la lichi, ambalo ni la jamaa moja na shokishoki wa Unguja. Uchachu wake ni haba, kileo chake ni kingi, mara nyingi asilimia 13 au zaidi, na aghalabu hubakiwa na utamu kidogo.

Simwaliki msomaji anywe. Wengi wetu dini imetukataza, na wengine mshahara. Nimeichagua divai hii kwa kuwa yatuletea swali linalomhusu kila afundishaye lugha: mtu asemapo kwamba kitu fulani kina ladha ya waridi, je, asema kweli, au apamba maneno tu? Na ikiwa yawezekana kusema kweli katika jambo la ulimi, je, yawezekana mtu aseme kweli naye awe mwongo kwa wakati huo huo?

Wako washikiliao kwamba ladha haina ukweli wowote. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1790 kwamba mtu asemaye divai ya Kanari ni tamu hana budi kukubali akisahihishwa aseme, "kwangu mimi ni tamu." Utamu ni wa mlaji, hauna hoja wala ushahidi. Lakini kabla yake, mwaka 1757, Hume wa Uskochi alikuwa amesimulia kisa alichokitoa katika Don Quixote. Watu wawili waliombwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye akaisifu, ila akasema aisikia ladha ya chuma. Watu wakawacheka sana. Pipa lilipomalizwa, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi.

Kisa hiki chatufunza kutenga mambo mawili ambayo Kiswahili chetu huyachanganya katika neno moja, "tamu". Kupendeza ni jambo la mlaji, na hapo Kant yu sahihi. Lakini kuwamo kwa chuma ni jambo la pipa. Anayesema "chuma" atoa ushahidi, na ushahidi waweza kupimwa.

Ile lichi ya Alsace nayo imepimwa. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Ong na Acree, walitangaza matokeo ya kulinganisha kemikali za harufu zilizomo katika lichi na katika divai ya Gewurztraminer. Walikuta kemikali nyingi zimo katika vyote viwili, na mojawapo ya zile zenye nguvu zaidi ni oksidi ya waridi, ambayo, kama jina lake lisemavyo, imo pia katika mafuta ya waridi. Basi waliosema lichi na waliosema waridi hawakuwa wakipayuka. Ufunguo umeonekana kwa mara ya pili.

Hata hivyo tusishangilie mapema. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Bordeaux kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai. Walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wengi wao waliieleza kwa maneno yatumikayo kwa divai nyekundu. Hawakukusudia kudanganya, jicho lilitangulia, maneno yaliyozoeleka yakalifuata, na pua ikakubali.

Mambo ya mezani nayo hayakusalimika. Wenyeji wa Alsace hunywa divai hii pamoja na jibini la Munster, litokalo milima ile ile, jibini lenye harufu kali mno, ambalo hunyunyiziwa mbegu zinazofanana na bizari nyembamba. Desturi hiyo naielewa: jibini lenye nguvu lahitaji mwenzi asiyemezwa, na utamu kidogo watuliza chumvi. Lakini vitabu vingi huishauri pia kwa kila mchuzi wa Kihindi au wa Kitailandi wenye pilipili, ilhali kileo kingi huchochea mwasho wa pilipili badala ya kuuzima. Kwa tangawizi na viungo visivyowasha, sawa. Kwa pilipili, nashuku kwamba jina lenyewe, kwa kuwa na maana ya kiungo, limewaongoza washauri kuliko ulimi.

Sasa tumfikirie mwonjaji ambaye hajapata kula lichi maishani mwake, ila amesoma kwamba Gewurztraminer yanukia lichi. Ainua bilauri, anusa, atamka, "Lichi!" Sentensi yake ni ya kweli, kemia yaithibitisha. Lakini yeye mwenyewe si mkweli, kwa kuwa atoa ushahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Mbele ya hakimu, shahidi wa namna hii angekemewa hata kama aliyoyasema yametokea.

Na sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani twawalea mashahidi wa namna hii kila siku. Mtoto anayekaa kando ya ziwa Tanganyika huandika katika insha yake kuhusu upepo wa bahari na harufu ya asumini, kwa kuwa ndivyo alivyosoma vitabuni, nasi twampa alama nyingi. Dagaa wanaoanikwa mchangani hatua chache kutoka kwao, ndagala kama wasemavyo Warundi, hawamo kabisa katika insha. Tumemfundisha kwamba Kiswahili fasaha ni pua ya mtu mwingine.

Mtu ataniuliza: je, tuseme yale tu tuliyoyaonja? La hasha. Lugha ingekuwa maskini, na mwalimu asiyekunywa divai, kama walivyo wengi, asingeweza hata kuandika ukurasa huu. Lugha yetu imekwisha kutupa njia: "yasemekana", "wasema waijuao". Maneno haya si mapambo. Yaonyesha mpaka kati ya nilichokijua na nilichoambiwa. Aidha, neno la kuazima laweza kulipwa. Ann Noble wa chuo kikuu cha Davis, California, aliyebuni gurudumu la harufu za divai mwaka 1984, aliwafundisha watu kwa kuweka vitu halisi, kama karafuu, katika bilauri, ili neno na harufu vijuane. Jambo hilo lawezekana katika darasa lolote lenye soko karibu, na kwa gharama ndogo.

Liko gumu moja ambalo halitatuliwi na karafuu. Vitenzi vyetu vya harufu havisubiri ushahidi, hutoa hukumu papo hapo: kitu ama chanuka, ama chanukia. Jibini la Munster lanuka kwa mgeni, na kwa mwenyeji wa bonde lile lanukia. Basi yule mtoto wa ziwani, akiandika kwa ukweli wa moyo wake kwamba ndagala wa mchangani wananukia, kalamu nyekundu ya mwalimu itafanya nini?