Mwenye Ufunguo na Mgonjwa Wake

Tuseme mtu amemwua jirani yake, na waamuzi wakaona ya kuwa siku ile hakuwa na akili timamu. Hawampeleki gerezani pamoja na wezi, bali katika nyumba ya wagonjwa yenye milango ya kufungwa. Nyumba ya namna hiyo iko Isanga, mjini Dodoma, katika nchi ya Tanzania. Na huko Nairobi hospitali ya Mathari ina sehemu iliyotengwa kwa kazi iyo hiyo. Humo mwuguzi hutoa dawa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika ufunguo. Je, aweza kuwa rafiki wa mgonjwa wake?

Wengine hujibu: Hasha! Huyo ni mwuaji, yampasa aonje ukali. Lakini tufikiri vema. Ikiwa hakimu mwenyewe hakumwadhibu, mwuguzi amepata wapi ruhusa ya kumwadhibu? Mlango umefungwa ili watu wasidhuriwe na mgonjwa atibiwe, si ili alipizwe kisasi. Amtukanaye au kumnyima chakula amejifanya hakimu wa pili.

Watu walichelewa kulijua neno hili. Mjini Ghent, katika Ubelgiji, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo katika jengo la kale, mpaka Padri Pierre-Joseph Triest na mabruda wake walipoanza kuwatunza mwaka 1815. Baadaye Daktari Joseph Guislain alifanya kazi pamoja nao, na mwaka 1857 ikafunguliwa huko hospitali mpya kwa juhudi yake. Sisi wa Kolwezi twalisikia jina lake hata leo, maana limepewa nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lubumbashi.

Wengine husema kinyume: Basi mwuguzi awe rafiki kabisa, apokee zawadi, apeleke barua kwa siri. Hilo nalo halifai. Urafiki wataka uhuru wa pande mbili. Jioni mwuguzi hurudi kwake, mgonjwa hubaki. Tena mwuguzi huandika aliyoyaona, daktari huyasoma, na maandiko hayo yaweza kurefusha au kufupisha siku za kukaa mle. Mgonjwa ajua hayo, kwa hiyo hawezi kumkatalia mwuguzi neno bila hofu.

Basi kimebaki nini? Umebaki uaminifu. Mwuguzi amwite mgonjwa kwa jina lake. Akisema atakuja saa tisa, aje saa tisa. Asimtulize kwa uwongo, “Kesho utakwenda kwenu,” bali aseme, “Hilo ni la waamuzi.” Na kabla ya kupokea siri amwonye: “Ukinieleza jambo la kumdhuru mtu au kujidhuru mwenyewe, nitamwambia daktari.” Labda mgonjwa atakasirika siku ile. Lakini mtu aliyedanganywa na akili yake mwenyewe ana haja kubwa ya kumpata mmoja asiyemdanganya.

Nasi pia, ndugu, tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya hospitali tu. Katika nyumba nyingi yumo ndugu mwenye ugonjwa wa akili, nao wa nyumbani hufunga mlango usiku kwa hofu. Ukilazimika kuufunga, mwambie sababu, na saa utakayoufungua. Saa hiyo ikifika, ufungue.