Sifa na Dhima: Nani Mwandishi wa Utafiti?

Mhakiki wa fasihi huliuliza swali la utunzi kwa bidii kubwa linapohusu kazi ya mtu mwingine. Atabishana miaka nenda miaka rudi juu ya nani aliyetunga utenzi fulani, apime lahaja, vina na mizani, alinganishe nakala moja na nyingine. Swali hilohilo linapoelekezwa kwenye kazi yake mwenyewe, yaani tasnifu, makala na vitabu vya uhakiki, hujibiwa kwa kutazama jalada. Jina lililoko juu ndilo la mwandishi. Waliobaki huwekwa katika ukurasa wa shukrani. Jina hilo huzaa alama, nazo alama huzaa cheo. Inashangaza kwamba hata wale waliopokea kwa shangwe tangazo la Roland Barthes kuhusu kifo cha mwandishi hawajapata kuliondoa jina lake katika orodha ya machapisho yao. Makala hii inahoji iwapo jina la jaladani linaweza kustahimili mzigo wote huo.

Mfano ulio karibu na taaluma ya Kiswahili ni ule wa mashairi ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Mengi ya mashairi hayo yalihifadhiwa vinywani mwa watu wa Mvita, na yamkini yangalipotea pamoja na kizazi kilichoyakumbuka lau si juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyanakili kwa hati za Kirumi na kuyatia maelezo akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Taylor alifariki mnamo 1927 na karatasi zake zikahifadhiwa London. Mnamo 1940 William Hichens akaihariri diwani ya Muyaka, ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Tangu hapo, mwanafunzi anayedondoa ubeti wa Muyaka kutoka katika diwani hiyo huandika jina la Hichens na mwaka 1940, na kwa kufanya hivyo hudhani ametimiza haki.

Haki ya nani? Ya Muyaka haina mgogoro, kwa kuwa jina lake limo katika anwani. Ya Hichens vilevile imelindwa. Lakini beti nyingi za Muyaka hazifahamiki kwa maneno yake matupu. Zilitungwa katikati ya ugomvi wa Mazrui wa Mombasa na Sayyid Said, na fumbo lililomo humfungukia yule tu anayejua lilimlenga nani na lilijibu nini. Kujua hivyo, na kuweza kumweleza mgeni, si kazi ya kuhifadhi tu bali ni kazi ya kufasiri. Kwa kipimo chochote kinachotumika leo katika idara za fasihi, hiyo ni kazi ya mhakiki. Mwalimu Sikujua basi alikuwa miongoni mwa wahakiki wa mwanzo wa Muyaka, na M. H. Abdulaziz alipochapisha utafiti wake juu ya mshairi huyo mnamo 1979 alimtambua Sikujua ipasavyo. Hata hivyo, katika hesabu ya unukuzi Mwalimu Sikujua ana sifuri.

Huenda ikadaiwa kwamba kumwita Sikujua mwandishi ni kumvika kanzu isiyo yake. Kwamba dhana ya uandishi wa kitaaluma ililetwa na vyuo vikuu, na kwamba wajuzi wa pwani hawakujali majina. Dai hili halina mashiko. Watunzi wa tenzi walikuwa na utaratibu wao, tena mkali. Katika beti za kikomo mtunzi hutaja jina lake, tarehe ya kumaliza, pengine na idadi ya beti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, unafungwa kwa jina la mtunzi, Pate alikozaliwa, na mwaka wa Hijra 1275. Wala wanakili hawakuwa mikono mitupu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, aliwaandikia miswada Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, naye alikuwa mtunzi, fundi wa nakshi na mwanamuziki. Mtu wa namna hiyo anaponakili huamua pia neno lipi ni sahihi na lipi limeharibika, na uamuzi huo ndio ambao wahariri wa leo huupatia alama.

Kuna jambo moja katika beti za kikomo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko jina. Si nadra mtunzi, baada ya kujitaja, kumwomba msomaji amsahihishe alipokosea na amwombee dua. Hivyo jina halisimami pale kudai sifa peke yake. Linamwonyesha mtu wa kuulizwa. Sifa na dhima zimo katika ubeti mmoja, na ni vigumu kuzitenganisha bila kuuvunja ubeti wenyewe.

Vipimo vya kisasa vimezitenganisha. Faharasa ya unukuzi wa kisayansi aliyoianzisha Eugene Garfield huko Marekani katika miaka ya 1960 ilikusudiwa kumsaidia mtafiti kufuatilia wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Baadaye ikageuzwa mizani ya kumpima mtu. Mnamo 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo ambacho kwacho mtaalamu hupewa 10 iwapo kazi zake 10 zimenukuliwa mara 10 au zaidi kila moja. Ni kipimo chepesi, na wepesi huo ndio unaozipendeza kamati. Hakiulizi kama aliyetajwa aliiandika kazi, aliisimamia, au aliwekewa jina kwa heshima ya cheo chake. Mnamo 2015 makala ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilichapishwa ikiwa na waandishi 5,154. Kurasa zake zilikuwa 33, na 24 kati yake zilijaa majina na taasisi zao. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu hao hawakufanya kazi. Linaloweza kuulizwa ni nani kati yao angeitetea sentensi fulani.

Wahariri wa majarida ya tiba waliliona tatizo hili. Mnamo 2013 kamati yao ya kimataifa iliongeza sharti kwamba mwandishi awe amekubali kuwajibika kwa kazi yote. Ni sharti linalokaribia beti za kikomo kuliko waliolitunga wanavyoweza kudhani. Orodha ya majukumu 14 iliyobuniwa miaka hiyohiyo ili kueleza nani alifanya nini nayo ina manufaa yake, lakini ilizaliwa maabarani. Kama Mwalimu Sikujua angetafutiwa nafasi humo, kuna hatari angewekwa chini ya jukumu la kutoa rasilimali, ambalo maelezo yake yanataja pamoja kemikali, wagonjwa, wanyama na vyombo.

Katika vyuo vya Kenya uzito wa swali hili unaongezeka kwa sababu tasnifu nyingi za fasihi simulizi hutegemea watu wasio na cheo cha chuo. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilikabili waziwazi. Katika kitabu chake cha 1990 kuhusu falsafa ya wahenga aliwataja wazee kwa majina, Paul Mbuya Akoko akiwa mmoja wao, akachapisha mahojiano nao na kusisitiza kwamba ni wanafalsafa wenye fikra zao binafsi. Hatua hiyo ilikuwa ya kijasiri wakati ambapo fikra za Kiafrika zilielezwa kana kwamba ni mali ya kabila zima na hazina mwenyewe. Hata hivyo jina la jaladani ni la Odera Oruka, na si rahisi kusema lingekuwa la nani mwingine. Yeye ndiye aliyeuliza, akapanga, na akayajibu mashambulizi ya wapinzani. Kwa hoja ya dhima alistahili kuwapo pale. Kwa hoja hiyohiyo mzee aliyejibu swali gumu kwa hoja yake mwenyewe anastahili kunukuliwa kwa jina lake kama mwandishi wa hoja hiyo, wala asitajwe kama mahali ilikookotwa.

Kuna kikwazo kipya ambacho Taylor hakuwa nacho. Kanuni za maadili ya utafiti mara nyingi humtaka mtafiti afiche majina ya wasailiwa. Kwa mgonjwa au mtoto, kanuni hiyo ni ngao. Kwa malenga au manju hugeuka kuwa unyang'anyi wenye kibali: maneno yake yanabaki, jina lake linageuka kuwa "Msailiwa wa 7", na miaka mitatu baadaye makala inatoka ikiwa na majina mawili, la mwanafunzi na la msimamizi wake. Busara ingekuwa kumuuliza malenga mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, kama anataka kujulikana, na kumrudishia maandishi ayasahihishe kabla hayajachapwa. Asiyepewa nafasi ya kusahihisha hawezi kubebeshwa dhima, na kumpa sifa bila nafasi hiyo ni kumpamba tu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900 hadi 1905. Alikuwa mchangiaji mkuu wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Göttingen mnamo 1903 kwa jina la Carl Velten, ilhali katika mkusanyo wa masimulizi ya safari uliotolewa na Velten huyohuyo mnamo 1901 kila safari ilikuwa na jina la msimulizi wake. Tafsiri ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa California mnamo 1981, ilimweka Mtoro katika anwani. Anwani hiyo inaendelea kwa kutaja "Waswahili wengine", nao jaladani hawana jina hadi leo.