Kigari na Mbuzi Wawili

Mwaka 1733, katika jumba la Chatsworth huko Uingereza, msanifu William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari cha kuwatembezea wanawe. Kilikuwa na umbo la kombe la pwani, magurudumu, na hatamu za kumfungia mbuzi. Wanaoandika historia ya vigari vya watoto humtaja Kent kuwa ndiye babu wa vigari hivyo. Mbuzi hatajwi sana, na ndiye aliyefanya kazi.

Unguja nako mbuzi ana kazi yake mtoto anapozaliwa, ila si ya kuvuta. Siku ya saba huchinjwa kwa akika: wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Nyama inapendeza ipikwe kwanza ndipo igawiwe, na mifupa haivunjwi bali hutenganishwa kwenye viungo, kwa kumtakia mtoto mwili wa salama. Nywele hunyolewa, zikapimwa, na fedha ya uzito huo ikatolewa sadaka, kwa kufuata yanayosimuliwa juu ya Bibi Fatma, binti wa Mtume, na wanawe Hassan na Hussein. Nywele za kichanga ni nyepesi kama pamba. Mizani ya sonara haishughuliki nazo sana. Lakini kwa tendo hilo dogo mtu wa siku saba, ambaye shingo yake haijakaza, ameshaingizwa katika hesabu za mali: ametolewa sadaka, nyama imegawiwa, na maskini wa mtaani wamepata haki yao kwa sababu yake.

Kigari hakina sunna ya namna hiyo. Hakina siku yake, hakina idadi, hakina mizani ya kukipimia. Kipo cha mtumba, kilichoshushwa kwenye kontena pamoja na magodoro na friji kuukuu. Kipo pia cha Silver Cross, kampuni iliyoanza Uingereza mwaka 1877, ambayo kigari chake cha aina ya Balmoral huuzwa kwa zaidi ya pauni elfu moja. Katikati ya viwili hivyo amesimama baba wa Kiunguja: mshahara wa mwezi mkononi, mkewe ana miezi minane, na dada yake aliyeolewa Maskati anamtumia picha kwenye simu, kigari kimoja baada ya kingine. Akimuuliza shehe wa msikitini kwao ni kiasi gani kinachojuzu, ataonekana kauliza habari za dukani. Kumbe kauliza jambo ambalo wanavyuoni wamelizungumza kwa zaidi ya miaka elfu: matumizi yanaishia wapi kuwa neema, na yanaanzia wapi kuwa israfu.

Jibu la kwanza hutolewa na mitaa yenyewe, kabla ya shehe. Vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Kiponda hadi Hurumzi, Sokomuhogo hadi Kajificheni, vilijengwa kwa ajili ya miguu, punda na hamali. Baraza za mawe zimekula upande mmoja, Vespa imeegeshwa upande wa pili, na kwenye kona kuna mkokoteni wa madumu unaokuja kwa kasi. Kigari kipana kikikutana na mkokoteni huo, mmoja atarudi nyuma, na si hamali. Mlango wa kuchongwa una kizingiti kirefu kiasi kwamba kigari lazima kinyanyuliwe. Ndani kunasubiri ngazi zilizosimama kama za minara. Tangu mwaka 2000 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na vichochoro hivyo ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Hakuna atakayevipanua kwa ajili ya gurudumu la mtoto.

Pahala ambapo kigari hutembea vizuri ni bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kufanyiwa ukarabati mkubwa na taasisi ya Aga Khan uliokamilika mwaka 2009. Jioni, moshi wa mishikaki ukiwa umetanda, vigari huonekana vikipita taratibu kando ya bahari. Vingi vimefika hapo ndani ya buti la gari, na vitarudi nyumbani ndani ya buti hilohilo. Ukitoka mjini kwenda Nungwi, Jambiani au Makunduchi, mchanga na mawe ya matumbawe humaliza mjadala haraka zaidi.

Na siku arobaini za mwanzo za uzazi kigari hakitoki kabisa.

Mzazi yumo ndani, anakandwa, anakunywa uji wa pilipilimanga. Mtoto yumo ndani pamoja naye, anahama kutoka paja la bibi kwenda paja la shangazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Waswahili, alianza kueleza maisha ya watu wa pwani kwa mimba na uzazi, na kinachojitokeza hapo ni wingi wa watu wanaomzunguka mtoto. Kifaa hakina nafasi kubwa. Anayenunua kigari kabla ya siku hizo kwisha amenunua kitu cha kusimama kwenye ukumbi kikitazamwa na wageni wanaokuja kutoa mkono wa pongezi. Wazee wengi hawapendi hata hilo, kwani wahenga walishawacheka wanaomkatia kanzu mwana asiyezaliwa.

Hapo lakini suala la kufaa au kutofaa linaisha, na suala la haki linaanza. Mtoto anadai nini kwa baba yake? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa Unguja, kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa kwenye darsa za pwani kizazi baada ya kizazi. Humo chakula cha mke kinapangwa kwa uwezo wa mume: tajiri anadaiwa vibaba viwili kwa siku, fakiri kibaba kimoja, na wa kati na kati kibaba na nusu. Mke wa tajiri ana haki ya kula kitajiri. Mtoto hakuwekewa vibaba. Haki yake ni kutoshelezwa, basi: apate kinachomtosha kwa umri wake na hali yake. Mwanazuoni aliyeshika kibaba mkononi kumpimia mke alikiweka chini alipofika kwa mtoto.

Tofauti hiyo ina mkia unaostahili kufuatwa. Matunzo ya mke yakipita bila kulipwa hubaki deni shingoni mwa mume. Ya mtoto yakishapita, kwa kawaida hayageuki deni, isipokuwa kadhi awe ameingilia kati, kwa sababu haja ya jana imekwenda na jana. Mtoto anaishi katika leo yake. Njaa yake ya asubuhi haiwezi kulipwa mwakani, na anasa aliyopewa leo hataikumbuka mwakani. Kwa kipimo hiki kigari cha pauni elfu na mbeleko ya kanga kuukuu vinasimama mbele ya kadhi vikiwa sawa, na vyote viwili vinaulizwa: je, mtoto ametosheka?

Basi pauni zilizozidi ya kutosheka zinamlipa nani?

Kurani ina maneno mawili ambayo Waswahili huyachanganya. Israfu ni kuvuka mpaka katika jambo la halali. Tabdhiri ni kuitupa mali pasipo pake. Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wasiofuja wala kubana, waliosimama kati ya mawili. Sura ya Al-Israa nayo inakataza mkono uliofungwa shingoni kama inavyokataza mkono uliokunjuliwa wote. Kwa hiyo baba bahili asijifiche nyuma ya dini. Kuna pia mafundisho ya Mtume kwamba Mungu hupenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake, na kwamba kinachotumiwa kwa watu wa nyumbani kina ujira mkubwa. Mwenye nacho akimnunulia mwanawe kitu kizuri, hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini athari ya neema ni kitu kimoja, na kuwafanya majirani wageuze shingo ni kitu kingine, ingawa vyote viwili hubebwa na magurudumu manne yaleyale.

Ni rahisi hapa kulaumu mambo ya kigeni na kuisifu kanga. Historia haikubali. Kabla ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, watumwa walivaa merikani na kaniki. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya starehe na siasa za Unguja, ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoikimbilia kanga kama alama ya uungwana, na jinsi kwenda na mitindo mipya kulivyokuwa jambo la heshima. Mume alisumbuliwa anunue doti mpya ilhali ya zamani haijachuja. Kitambaa ambacho leo kinatajwa kama mfano wa unyenyekevu wa mama wa Kiswahili kiliwahi kuwa ndicho kigari cha Balmoral cha zama zake.

Na majumba ya wafalme yalizidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapishwa mwaka 1886. Anaeleza jinsi watoto wa kike wa ukoo wao walivyotobolewa masikio siku ya saba, matundu kadhaa kila sikio, na baada ya muda mfupi yakavishwa pete za dhahabu. Mtoto wa miezi miwili hajui dhahabu na shaba. Anachokijua ni uzito, na pengine maumivu. Dhahabu ile ilizungumza na watu wengine waliokuwemo ukumbini. Lakini mwandishi huyohuyo anataja nywele za kwanza za mtoto, zilizozikwa ardhini, au kutupwa baharini, au kufichwa kwenye ufa wa ukuta, ili zisichezewe na mtu. Katika nyumba ileile, kwa mtoto yuleyule, kimoja kilitundikwa kionekane na kingine kikafichwa kisionekane, na ni vigumu kusema kwamba mapenzi yalikuwa kwenye kile cha kuonekana.

Kuna watoto ambao kwao hesabu hii ya kutosha na kuzidi hugeuka kabisa. Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua hawezi kufunga mbeleko wiki za mwanzo. Bibi mwenye maumivu ya mgongo, aliyeachiwa mjukuu kwa sababu mama anafanya kazi hotelini Kiwengwa au Paje, hawezi kumbeba mchana kutwa. Mtoto mwenye ulemavu aliyefika miaka minne naye hajasimama ni mzito wa kubeba, na anapelekwa kliniki kwa daladala. Kwa hawa kigari kinaingia moja kwa moja katika kile alichokiita Nawawi kutosheleza, na bei yake, hata ikiwa kubwa, si israfu. Anayemwona mama huyo akikisukuma kigari kizuri Darajani akasema anajionyesha, amehukumu kwa macho tu.

Kwa safari za daladala, aliyefaa zaidi duniani labda ni Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyeshughulikia miguu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Alipomwona binti yake akihangaishwa na kigari kizito cha mjukuu, alibuni cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, akakiandikishia hataza mwaka 1965. Miguu ya ndege ya vita ikawa kigari cha kushika kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili. Nakala zake za bei nafuu ndizo zinazoonekana zaidi mjini, na konda hazikasirikii sana.

Bado kuna njia ambayo duka haliwezi kuitangaza. Sura ya Al-Maun, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema kwa sababu ni fupi, inamaliza kwa kuwakemea wanaozuia vyombo vya msaada, vile vitu vidogo vya nyumbani ambavyo jirani huja kuazima: ndoo, shoka, sufuria. Wafasiri hawakukijua kigari, lakini kinaingia bila kusukumwa. Mtoto hukitumia mwaka mmoja, miwili ikizidi, kisha kinabaki na miaka yake mingine mbele. Mashafii hukubali pia wakfu wa kitu kinachohamishika maadamu kinatumika nacho kikabaki. Unguja imejaa nyumba, misikiti na mashamba ya wakfu, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayasimamia. Kigari cha wakfu cha mtaa, kinachopita kutoka mzazi hadi mzazi, hakijasikika, lakini hakina kinachokizuia ila haya. Na yule shangazi wa Maskati angeweza kuleta kimoja kwa ajili ya wajukuu wote wa ukoo badala ya kimoja kwa kila tumbo. Kwa bei hiyohiyo angeweza kuleta kizuri, na akabakiwa na cha kununulia mbuzi.

Kwenye majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa Ng'ambo baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kigari hakifai kupandishwa ngazi kila siku. Huachwa chini. Mtoto akikua, kivuli cha kigari kikachanika na kiti kikatolewa, hubaki fremu na magurudumu. Asubuhi maji yakikatika, fremu hiyo hutolewa nje, ikapakiwa madumu mawili ya lita ishirini, na aliyekuwa mpanda kigari, sasa ana miaka minane, ndiye anayesukuma.