Je, Safari Isiyo na Shughuli ni Uvivu?

Kijana wa Kigera, karibu na mji wa Musoma, akitoa baiskeli yake alfajiri na kushika njia ya Makutano, hatakosa watu wa kumwuliza aendako. Akijibu kwamba anakwenda mnadani, au kumwona mgonjwa, au msibani, watamtakia safari njema. Lakini akisema kwamba anakwenda kuiona milima ya Butiama na bonde la Mto Mara, kisha arudi nyumbani, watanyamaza kidogo, na wengine watasema moyoni kwamba kijana huyu amekosa kazi.

Swali liliomo katika kimya kile si dogo, nalo lafaa kupimwa kwa haki. Je, ni halali mtu kutumia siku yake na nguvu zake katika safari isiyo na shughuli yoyote, katika nchi ambayo wenzake wana shughuli hata zinawashinda?

Kwanza tuwasikilize wanaonung'unika, maana hawasemi bure. Kwao baiskeli si kitu cha kuchezea. Hubeba madumu ya maji, magunia ya muhogo na mkaa, na samaki kutoka ziwani. Yule anayepanda kilima akiisukuma baiskeli yenye mizigo miwili ubavuni na mmoja nyuma hajaona bado uzuri wa kilima kile. Ameona urefu wake tu. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwona mwenzake akikipanda kilima kile kile kwa kupenda ni jambo la kustaajabisha, na pengine la kuudhi. Tena ni kweli kwamba wajibu hutangulia burudani. Anayeacha palizi wakati majani yameshafunika mahindi, au anayemwacha mama yake mgonjwa peke yake ili akaone mabonde, huyo hana la kujitetea.

Lakini tukisema hayo tu, tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na ya kuwa pumziko la roho ni katika yale yanayoifurahisha. Hakuruhusu kila kitu: alitaka burudani iwe safi, iwe na kiasi, na ipatane na mtu, wakati na mahali. Hata hivyo asiyejua kufurahi wala kuwaachia wengine wafurahi alimhesabu kuwa na kosa. Basi uvivu na mapumziko ni vitu viwili. Mvivu hukimbia kazi yake; anayepumzika ameifanya, naye atairudia.

Zaidi ya hayo, kuna elimu isiyopatikana kwa kukaa. Pale Makutano, njia ya Musoma inapokutana na barabara ya Mwanza na Sirari, msafiri anaweza kuchagua. Akienda kusini atapita Kiabakari na kufika Bunda. Akienda kaskazini atafika daraja la Kirumi, aone jinsi Mto Mara, uliozaliwa katika milima ya Mau nchini Kenya na kupita Serengeti, unavyotulia katika mafunjo mengi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Akienda mashariki atapanda mpaka Butiama, safari ya kama kilomita 40 kutoka Musoma. Na katika njia hizo hataona mawe makubwa na mabonde tu. Atapita kwa Wakwaya, Wajita, Wazanaki na Waikizu. Na akiuvuka Mto Mara atawakuta Wakurya na Wajaluo. Ni lugha ngapi hizo katika mwendo wa siku chache!

Mkoa wetu wa Mara umewahi kulia machozi mengi kwa sababu ya wizi wa ng'ombe na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mara nyingi mambo hayo hustawi mahali ambapo watu wanajuana kwa masimulizi tu. Anayewajua watu wa ng'ambo kwa hadithi za ubaya wao atayaamini mabaya mengine upesi. Lakini aliyewahi kupasukiwa tairi katika kijiji chao, akapewa maji ya kunywa na kivuli, na fundi akamzibia pancha kwa bei ya haki, hawezi tena kudanganywa kwa urahisi. Wazee walisema kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Hawakusema kwamba hukutana wakiwa wamekaa.

Mtu aweza kuuliza, mbona kwa baiskeli? Gari hufika mapema zaidi. Ndiyo, lakini aliye ndani ya gari huona paa za nyumba na vumbi aliloliacha nyuma. Mwaka 1974 Ivan Illich, aliyekuwa padre, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Energy and Equity. Humo alionyesha kwamba mwenye baiskeli huenda mwendo mara tatu au nne ya mtembea kwa miguu, na bado hutumia nguvu chache zaidi katika kila kilomita. Mwendo wake haumnyang'anyi mwingine njia, wala gharama yake haimwangukii mwingine. Anailipa kwa jasho lake mwenyewe. Hata Rais Julius Nyerere, ambaye hakukosa gari, alitoka Butiama mwezi wa Oktoba 1967 akatembea kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Safari yake ilikuwa na shughuli kubwa, nasi hatuifananishi na matembezi. Lakini inatufundisha jambo moja: mwendo wa polepole humweka mtu mikononi mwa wale anaowapitia.

Na hapo ndipo ulipo moyo wa neno letu. Katika Kiswahili tunazo salamu mbili zinazokutana njiani. Mpita njia humwambia aliye shambani, "Pole na kazi." Naye aliye shambani hujibu, "Pole na safari." Tazama hekima iliyomo! Mkulima hamwulizi msafiri kama safari yake ina faida. Amhesabia uchovu wake kuwa uchovu, kama vile msafiri alivyomhesabia wake. Kila mmoja amekiri kwamba mwenzake ni mtu, naye ana mzigo. Basi asiyetoa salamu hiyo, akapita kichwa kimeinama juu ya usukani akihesabu kilomita, au akasimama tu ili ampige picha mama mwenye kuni kichwani bila kumwomba ruhusa, huyo ndiye tunayeweza kumlaumu. Amepita katikati ya watu kama mtu apitaye katikati ya miti. Kosa lake si kusafiri bila shughuli. Kosa lake ni kuwafanya wenye shughuli wawe pambo la safari yake.

Katika miaka hii ya karibuni tumewaona waendesha baiskeli wa safari iitwayo Twende Butiama, wanaotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, kwa kumkumbuka Mwalimu aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Njiani hupanda miti na kusaidia shule. Ni mfano mwema. Lakini tusidhani kwamba ni lazima kila msafiri awe na mche wa kupanda. Maskini naye ana haki ya kuona nchi yake, na salamu haihitaji mfadhili.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi baiskeli ni moja. Jumapili alasiri kaka huipanda akaenda kuona vilima. Dada yake hujitwika ndoo kichwani akashuka ziwani, akapanda tena. Yeye hakuna anayemwuliza kama angependa kuona Kirumi. Wengine hata husema kwamba si heshima msichana kupanda baiskeli, ingawa hawaoni kuwa ni aibu yeye kubeba lita 20 kwa shingo yake. Hapa hoja zetu zote za kusifu mapumziko zinatugeukia. Kama pumziko ni haja ya roho, basi ni haja ya kila roho. Na kama burudani ya mmoja imejengwa juu ya uchovu wa mwingine wa nyumba ile ile, haiwi tena pumziko, ni deni.

Basi kwa yule kijana wa Kigera jibu letu ni hili. Nenda, ndugu, wala usione haya. Lakini kabla ya kwenda, ipakie baiskeli madumu, uyajaze yote, uyarudishe nyumbani. Jumapili ijayo mwachie dada yako naye aende na wenzake, wewe ubaki na ndoo. Na huko njiani, ukimkuta mtu anasukuma mzigo wake mlimani, usimpite kwa kengele tu. Shuka, mpe pole, ushike mzigo kwa nyuma, msukume pamoja mpaka kileleni.