Jina Lenye Tarehe

Mwaka 2009, watafiti wa hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, Elaine Coustan-Smith na Dario Campana wakiwa miongoni mwao, waliipa jina aina moja adimu ya saratani ya damu ya watoto. Lukemia ya seli T ilikwishajulikana. Lakini kwa baadhi ya watoto, seli zilizougua zilikuwa changa kuliko kawaida. Hadubini peke yake haitoshi kuzitambua. Hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, zikasomwa alama zake: CD1a na CD8 hazipo, CD5 imefifia, na zipo alama ambazo kwa kawaida hubebwa na seli za ukoo mwingine wa damu.

Jina hilo lilikuja na hesabu. Kati ya watoto wa aina hii waliotibiwa Memphis kuanzia 1992 hadi 2006, takriban 7 kati ya 10 matibabu hayakuwafaa, au ugonjwa uliwarudia.

Sasa mfikirie daktari wa mwaka 2010, mzazi ameketi mbele yake. Amwambie nini?

Wapo watakaosema anyamaze, kwa huruma. Lakini mtoto si wa daktari. Anayemficha mzazi jina la ugonjwa anamnyima pia nafasi ya kuuliza, kuchagua na kujiandaa. Huruma ya namna hiyo humfariji zaidi anayeitoa.

Basi aseme 7 kati ya 10? Hapo ndipo ukweli unapoponyoka. Mwaka huohuo, watoto wengine wenye seli kama hizo walikuwa tayari kwenye jaribio la matibabu la Children's Oncology Group, lililoanza 2007. Wengi wao waliitikia dawa za mwanzo polepole. Madaktari walipima seli zilizosalia kwenye uboho, na waliohitaji wakaongezewa makali ya tiba. Matokeo yalipotoka, zaidi ya 8 kati ya 10 walikuwa hai baada ya miaka 5, karibu sawa na watoto wenye lukemia nyingine za seli T. Ile hesabu ya kutisha ilikuwa imeanza kupitwa na wakati siku ileile ilipokuwa ikisomwa, na hakuna aliyeweza kujua.

Kwa hiyo naona daktari anadaiwa mambo mawili: jina, na tarehe ya anachokijua. "Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa watoto waliotibiwa hadi 2006" ni ukweli. "Mwanao atakufa" ni ramli iliyovaa koti jeupe.

Hili halimwahidi mzazi chochote. Hata kwenye hesabu mpya wapo watoto waliofariki, na kwa mzazi wao sehemu kati ya 10 haina maana. Wala wale wa hesabu ya kwanza hawakuwa kosa la kusahihishwa. Kwa kuwahesabu wao, tumejua seli zipi za kutafuta. Kuitaja tarehe yao ni kukiri pia kwamba walikuwepo.