Viapo Viwili vya Mwanajeshi



Likizo iliyopita nilikwenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu wa Vita vya Kagera. Nilikwenda na mzee mmoja wa jumuiya yetu, ofisa mstaafu wa JWTZ. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake, mzee huyu alikuwa luteni, na mkewe alikuwa mjamzito. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini yeye alibaki Uganda na wenzake. Aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa anatembea. Alipomwona baba yake, akalia, akakimbilia nyuma ya mama.

"Frateri," aliniambia, "mizinga niliizoea. Yule mtoto alinishinda."

Tangu siku hiyo nina swali. Mwanajeshi anaapa kwenda popote atakapotumwa, hata kufa. Mtu huyohuyo alisimama altareni akaapa kuwa na mke wake katika shida na raha. Sasa simu ya kikosi ikilia usiku, kiapo kipi kinashinda?

Darasani tungejibu haraka. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaweka deni letu kwa wazazi na deni letu kwa nchi chini ya fadhila moja. Na ukitafuta alipojadili vita ya haki, utaikuta kwenye sehemu inayohusu upendo. Mimi mwanzoni nilidhani amekosea ukurasa! Lakini hoja ina uzito. Adui akishavuka Kyaka, kumlinda jirani na kumlinda mtoto wako ni kazi moja. Luteni yule hakuiacha familia yake. Aliilinda akiwa mbali nayo.

Nilimweleza mzee hivyo. Akacheka. "Sawa. Ila mtoto hajasoma Thomas."

Kwa kweli hapo nilikwama. Wazazi na nchi ni deni la nyuma, la waliotulea. Mtoto yuko mbele, hakuapa chochote, na bado analipa sehemu yake. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hiyo, aliingia jeshini mwaka 1942 na kustaafu mwaka 1988 akiwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 104. Hesabu mwenyewe: miaka 46 ya sare. Tunawasifu maofisa, na ni haki. Lakini hiyo miaka, nyumbani kwa kila askari nani alikuwa anafunga mlango usiku? Sijawahi kuona gwaride la wake zao.

Mzee alinipa jibu lake bila kujua. Alisema aliporudi alifanya kosa la kuamrisha. Mtoto akiambiwa "njoo", anakimbia zaidi. Basi akaacha. Kila jioni akawa anakaa chini jikoni, anamenya ndizi na mkewe, kimya, mpaka mtoto aliposogea mwenyewe. Ilichukua wiki nyingi.

Nikamkumbuka yule akida wa Kapernaumu, ambaye maneno yake tunayasema kila Misa kabla ya Komunyo. Alizoea kusema "nenda" na askari wakaenda. Lakini mtu wa nyumbani mwake alipougua, hakutoa amri. Aliomba, tena akakiri kwamba hastahili. Nadhani ofisa anayeshindwa kushuka hivyo anaweza kutimiza kiapo cha kwanza chote na akakivunja cha pili akiwa amekaa sebuleni. Na jamani, hili si la wanajeshi tu. Hata sisi tunaojiandaa kuitwa "Baba" na watu wasiotuzaa, kuna siku tutaamrisha palipohitaji kukaa jikoni.

Mzee alikuwa anang'oa majani pembeni mwa kaburi moja pale simu yake ilipolia. Alikuwa mkewe.

"Ndiyo, mama. Ndiyo. Tunakuja."

Akajifuta mikono, akaniambia twende, chakula kinapoa.